Ana homa, kwa hiyo ana malaria: hoja inateleza wapi?

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu homa ilikuwa na jina moja tu. Mtoto akiamka mwili unachemka, mama anamgusa shingoni kwa mgongo wa mkono, anasema "malaria hiyo," na kabla jua halijapanda klorokwini imeshasagwa kwenye kijiko na kuwekewa sukari juu. Uchungu wake sijausahau, wala ule muwasho uliokuja usiku, unajikuna nyayo mpaka alfajiri. Hakuna aliyeuliza kama kweli ni malaria. Malaria huleta homa, mtoto ana homa, basi mtoto ana malaria. Nani angebishana na hilo?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hoja hiyo ina mantiki kabisa. Ukubwani nikaja kuona kwamba haina. Na baadaye tena, jambo lililonishangaza zaidi, nikaona kwamba mama hakukosea kutupa ile dawa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja: hoja yake haikuwa na mantiki, na alichofanya kilikuwa cha busara. Nadhani mtu akielewa jinsi mambo hayo yanavyoweza kukaa nyumba moja bila kugombana, atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya maana ya neno mantiki.

Tuanze na kosa. Iandike hoja ile mstari kwa mstari:

Kila mwenye malaria hupata homa.
Mtoto huyu ana homa.
Kwa hiyo mtoto huyu ana malaria.

(Mstari wa kwanza wenyewe si kweli moja kwa moja. Mtu mzima aliyeishi miaka mingi kwenye mbu anaweza kubeba vimelea vya malaria bila hata kuumwa kichwa. Tuuache upite kwa sasa.)

Linganisha na hoja hii nyingine:

Miji yote ya Kenya iko Afrika.
Mombasa iko Afrika.
Kwa hiyo Mombasa iko Kenya.

Kauli zote tatu ni kweli, na ukiisoma haraka unaipitisha. Sasa ondoa Mombasa, weka Tanga. Miji yote ya Kenya iko Afrika, kweli. Tanga iko Afrika, kweli. Kwa hiyo Tanga iko Kenya. Hapo umeshtuka. Lakini hatukubadilisha chochote katika njia ya kufikiri, tumebadilisha jina la mji tu. Njia ile ile iliyotufikisha kwenye ukweli mara ya kwanza ndiyo iliyotutumbukiza kwenye uongo mara ya pili. Maana yake ni kwamba hata mara ya kwanza haikuwa njia iliyotufikisha. Tulikuwa tunajua tangu zamani kwamba Mombasa iko Kenya, na ujuzi huo ukaifunika hoja mbovu.

Hoja ya homa ina umbo hilo hilo. Ondoa malaria, weka nimonia: kila mwenye nimonia hupata homa, mtoto ana homa, kwa hiyo ana nimonia. Weka surua. Weka maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa joto moja la mwili na maneno yale yale, mama angeweza kuthibitisha kila ugonjwa unaoleta homa. Hoja inayothibitisha kila kitu kwa ushahidi mmoja haijathibitisha hata kimoja.

Kwa hiyo wataalamu wa mantiki wanaposema hoja ni halali wana maana finyu sana: haiwezekani kauli za msingi zote ziwe kweli halafu hitimisho liwe uongo. Basi. Hawasemi kwamba msingi ni kweli, hawasemi kwamba hitimisho linapendeza au lina faida. Wanasema tu kwamba ukikubali ya kwanza na ya pili, ya tatu huna pa kuikwepea. Na namna ya kuipima hoja ni ile tuliyotumia sasa hivi: acha umbo, badilisha vilivyomo, uone kama unaweza kuanzia kwenye kweli ukaishia kwenye uongo. Ukiweza mara moja, inatosha.

Ukishika maana hiyo finyu, unaanza kusikia jinsi tunavyolitumia neno hili ovyo kidogo. Nauli ikipanda wiki ya shule kufunguliwa tunasema "haina mantiki", tukimaanisha si haki. Mtu akijenga nyumba kwenye mkondo wa maji tunasema "haina mantiki", tukimaanisha si busara. Dada akimrudia mume aliyemtapeli fedha zake tunasema "haina mantiki", tukimaanisha hatumwelewi. Yote hayo yanaweza kuwa malalamiko ya haki kabisa, lakini hakuna hata moja linalohusu mantiki. Nauli haina mantiki wala haiikosi, kama vile jiwe halina adabu wala halina utovu wa adabu. Upendo na woga navyo ni hivyo hivyo: mtu anayemwogopa mende hajafanya kosa la mantiki, mpaka atakapoanza kutoa sababu.

Kiswahili kina msemo mwingine ninaouona mwaminifu zaidi: "haiingii akilini". Msemo huo unasema habari za akili yangu mimi, haudai kwamba kitu chenyewe kina kasoro. Mambo mengi ya kweli hayaingii akilini. Dunia inalizunguka jua kwa mwendo wa kilometa 30 hivi kila sekunde, na hapa nilipo chai imetulia kikombeni. Sikuwahi kuhisi huo mwendo hata siku moja, lakini ushahidi unaofikisha hapo umepangika hatua kwa hatua.

Neno mantiki tumelipata kwenye Kiarabu, na shina lake ni kunena, kutamka. Wagiriki nao walitumia logos kwa maana ya neno na ya akili pia. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, ndiye aliyeziweka hoja kwenye maumbo na kuonyesha lipi linashika na lipi linavuja. Maandishi yake yalitafsiriwa kwa Kiarabu, yakasomwa Baghdad na kwingineko, na mtu kama Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980, alikuwa tabibu na mwanamantiki kwa wakati mmoja. Vitabu vyake vya tiba na vya mantiki vilisomwa kwa karne nyingi baada yake.

Katika karne ya 10, huko huko Baghdad, kulikuwa na mdahalo ninaoupenda sana, kati ya mwanamantiki Abu Bishr Matta na mwanasarufi Abu Said al-Sirafi. Al-Sirafi alidai kwamba hiyo mnayoiita mantiki ni sarufi ya Kigiriki tu. Mgiriki ameitoa kwenye lugha yake, sasa Mturuki, Mhindi, Mwajemi na Mwarabu wanadaiwa nini nayo? Ni swali zito, nasi tunaweza kulirudia: je, Kiswahili kina mantiki yake?

Jibu langu linatoka kwenye ujumbe ambao wahudumu wa afya wametuzoesha: si kila homa ni malaria, nenda kapime. Angalia ile "si" ilipokaa. Iko mbele ya "kila". Isogeze uone: "kila homa si malaria". Mtu mmoja atasikia kwamba homa nyingine ni malaria na nyingine siyo, mwingine atasikia kwamba hakuna homa hata moja iliyo malaria, na huyo wa pili anaweza kumlaza mtoto bila dawa. Katika hilo al-Sirafi alikuwa sahihi: namna ya kuweka alama ni ya lugha, na asiyejua lugha atachanganya hoja. Lakini tofauti yenyewe, kati ya kukanusha "zote" na kusema "hakuna", haikutungwa na Kigiriki wala Kiswahili. Kila mzazi anaihitaji, kwa lugha yoyote anayoongea.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi ya yote hapa. Nalo ni kwamba mtu anaweza kufikiri kwa mantiki safi, hatua baada ya hatua, akafika kwenye kosa baya.

Mfano mwepesi kwanza. Ndege wote hutaga mayai. Popo ni ndege. Kwa hiyo popo hutaga mayai. Hoja hii ni halali. Huwezi kukubali mistari miwili ya mwanzo ukaukataa wa tatu. Lakini popo huzaa na kunyonyesha, kwa sababu mstari wa pili ni uongo. Kilichoharibika ni msingi. Hatua ya kufikiri haina doa. Ukimwambia aliyeisema "huna mantiki", umemsingizia, na zaidi ya hapo hujamsaidia, maana atakwenda kukagua hatua zake, atazikuta ziko sawa, na atarudi na popo wake anayetaga.

Mfano mzito ni degedege. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza jambo ambalo watu wengi wa pwani wanalijua tangu utotoni. Mtoto mwenye homa kali anageuza macho, anakakamaa, anatetemeka mwili mzima. Leo mhudumu wa afya atakwambia kwamba mara nyingi hiyo ni homa iliyopanda sana, na kwamba kwenye maeneo yetu inaweza kuwa dalili ya malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Lakini kwa wazazi wengi degedege ulikuwa ugonjwa wa peke yake, uliohusishwa na ndege au shetani anayempitia mtoto, na hospitali haikuwa mahali pake. Tena iliaminika kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Basi alifukizwa, alioshwa kwa dawa za miti, na hospitali ikasubiri.

Sikia hoja ilivyopangika. Mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Hospitali watamchoma sindano. Kwa hiyo nikimpeleka hospitali atakufa. Ni halali! Mama aliyejifungia ndani na mtoto wake hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu "asiyejali". Alikuwa anafuata mantiki kwa uaminifu wote, kutoka kwenye msingi wa uongo. Na msingi huo ulikuwa na watu wa kuushuhudia. Fikiria jirani aliyempeleka mtoto wake siku ya tatu, baada ya dawa za nyumbani kushindwa, mtoto akiwa hoi. Anachomwa sindano, na baada ya saa moja anafariki. Mtaa mzima umeona sindano, kisha umeona kifo. Walioupata uhai kwa sababu walipelekwa siku ya kwanza, kabla hawajakakamaa, hawakuhesabiwa kuwa ni watoto wa degedege. Hao walikuwa na homa tu.

Hapo ndipo penye mtelezo wa kweli wa kimantiki, lakini umejificha mbali, chini kabisa ya hoja, kwenye kutengeneza ule msingi: hiki kilitangulia, kile kikafuata, kwa hiyo hiki ndicho kilicholeta kile. Jogoo huwika kabla ya alfajiri na hatusemi ndiye anayelichomoza jua. Tofauti ni kwamba jua tunaliona kila siku, ila mtoto wa jirani amekufa mara moja, mbele ya macho yetu, na hofu imeufunga ukurasa. Anayetaka kumsaidia mzazi wa namna hiyo akimwambia hana akili amepoteza muda. Anatakiwa kwenda naye mpaka kwenye msingi, amwonyeshe mtoto aliyekakamaa, akapelekwa mapema, akatibiwa kwa sindano na yuko darasani sasa hivi. Msingi ule ulisema hufa, kwa kila mtoto. Mtoto mmoja aliye hai anauvunja.

Kuna watu waliokwenda mbali zaidi, wakadai kwamba jamii nzima nzima hazina mantiki. Mwanasaikolojia wa Kirusi Alexander Luria alisafiri Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, akawa anawauliza wakulima wasiosoma maswali ya namna hii: kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe. Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, na huko theluji haikatiki. Dubu wa huko wana rangi gani? Waliopita shule kidogo walijibu bila shida: weupe. Lakini mkulima mmoja alijibu kwamba yeye amewahi kuona dubu mweusi, wengine hajawaona, na kila eneo lina wanyama wake. Alipobanwa zaidi alieleza kwamba wao huzungumza juu ya walichokiona, na wasichokiona hawakizungumzii. Na kama mzee wa makamo makubwa angekuwa amemuona dubu mweupe akasimulia, huyo angeaminika.

Ni rahisi kusoma hapo kwamba mkulima ameshindwa mtihani. Mimi kila nikiyasoma majibu yale namsikia babu yangu. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, angesema, na angekaa kimya. Halafu uangalie vizuri anachofanya yule mkulima. Nisichokiona sikisemi, dubu wa Novaya Zemlya sijamuona, kwa hiyo simsemi. Hiyo ni hoja halali kuliko ya mama yangu na homa! Alichokataa ni kuupokea msingi kutoka kwa mgeni asiyemjua, aliyekuja na daftari, akidai jambo kuhusu dubu wote wa nchi ambayo wote wawili pengine hawakuwahi kufika. Shule inatufundisha mchezo fulani: jifanye kwamba hili ni kweli, kisha niambie nini kinafuata. Ni mchezo wenye faida kubwa mno. Bila huo hakuna hesabu wala sheria. Lakini kutoucheza si kukosa mantiki. Na mzazi anayemuuliza mhudumu "umejuaje?" kabla ya kukubali lolote anafanya kazi ile ile ya mkulima, kazi ambayo ingefanywa zaidi, degedege lisingechukua watoto wengi vile.

Nirudi kwa mama na kijiko chake.

Hoja halali haivuji hata tone. Lakini maisha hayatupi hoja za namna hiyo mara nyingi. Mara nyingi tunachopata ni dalili, na dalili inaweza kuwa nzito au nyepesi. "Ana homa, kwa hiyo ana malaria" haishiki kama hoja kamili, ila inaweza kuwa dalili nzito kutegemea mahali ulipo. Tuseme kijijini kwenu, katika watoto 100 wenye homa msimu wa masika, 70 wana malaria. Ukibahatisha malaria utapatia mara nyingi. Tuseme kijiji kingine ni watoto 5 katika 100. Maneno yale yale, yakisemwa na mama yule yule mwenye upendo ule ule, sasa yanakosea mara 95. Umbo la hoja halikubadilika. Kilichobadilika ni mazingira.

Hili halikuwa la kufikirika tu. Zanzibar ilianza kutumia dawa ya mseto, yaani dawa mbili za malaria kwa pamoja, mwaka 2003, vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani, na ndani ya miaka michache vimelea vikawa vinakutwa kwa chini ya asilimia 1 ya watu. Mtu aliyelelewa Unguja wakati homa ilikuwa karibu sawa na malaria alijikuta anaishi kwenye kisiwa ambacho mazoea yake yanamdanganya. Na bara, watafiti waliwapima kwa makini watoto 1,005 wenye homa huko Dar es Salaam na Ifakara, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Wenye malaria walikuwa kama asilimia 10 tu.

Sasa kwa nini nasema mama hakukosea? Kwa sababu kuna maswali mawili, na mantiki ya hoja inajibu moja tu. Swali la kwanza: je, inafuata kwamba mtoto ana malaria? Haifuati. Swali la pili: nifanye nini sasa hivi? Mama hakuwa na kipimo. Zahanati ilikuwa mbali, na hata ukifika, hadubini ilikuwa haipo au mpimaji hayupo. Klorokwini ilikuwa rahisi na kwa miaka mingi ilifanya kazi. Na malaria kwa mtoto mdogo inaweza kutoka kwenye homa ya asubuhi ikafika kwenye kupoteza fahamu ndani ya siku moja au mbili. Ukimpa dawa asiye na malaria, hasara yake ni uchungu na muwasho. Ukimnyima mwenye malaria, unaweza kumzika. Mtu anayeyapima hayo na kutoa dawa ametenda kwa busara hata kama hajui ukweli, na miongozo ya tiba ya wakati huo, ya Shirika la Afya Duniani yenyewe, ilielekeza vivyo hivyo kwa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Kosa lingekuwa kugeuza uamuzi huo kuwa ujuzi: kuhama kutoka "nitamtibu kana kwamba ni malaria" kwenda "ni malaria". Anayesema la kwanza ataendelea kumwangalia mtoto usiku kucha. Anayesema la pili ataacha kutafuta nimonia.

Mizani nayo ikabadilika. Klorokwini ikazidiwa na vimelea sugu, na Tanzania bara ikaiacha mwaka 2001. Dawa ya mseto iliyokuja baadaye ilikuwa ghali zaidi, na kuitumia ovyo kunailetea usugu nayo. Vipimo vya haraka vikafika hadi kwenye zahanati za vijijini. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, wakubwa kwa wadogo. Mzazi anayemeza uamuzi wa mama yangu leo bila kupima, na kipimo kiko mtaa wa pili, anaurithi uamuzi bila sababu zilizoutetea.

Kipimo chenyewe kinafanya kazi kwa hoja moja nzuri sana, na Kiswahili kina kiungo kinachoibeba kwa urahisi: -nge-. Angekuwa na malaria, kipimo kingeonyesha. Hakikuonyesha. Basi hana malaria. Ijaribu kwa mbinu ya Mombasa na Tanga, badilisha vilivyomo upendavyo: angekuwa amefika, viatu vingekuwa mlangoni, havipo, basi hajafika. Mistari ya mwanzo ikiwa kweli, wa mwisho hauwezi kuwa uongo. Hoja inashika.

Lakini kushika kwake hakutufungulii macho kuhusu ule mstari wa kwanza. Je, ni kweli kipimo kingeonyesha? Kwa kawaida ndiyo, si mara zote. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini moja inayotolewa na vimelea, iitwayo HRP2. Eritrea wakakuta vimelea visivyoitengeneza kabisa, vinavyopita kwenye kipimo bila kuacha mstari, na mwaka 2016 nchi hiyo ikabadilisha aina ya vipimo. Mgonjwa wa huko mwenye vimelea hivyo aliyeambiwa "huna" alikuwa ametendewa kwa hoja halali, na alikuwa na malaria.

Kwa hiyo mtu anayesema "kipimo kimekosea, mimi naijua malaria yangu" hajavunja mantiki kwa kusema hivyo. Anaugusa msingi, na ana haki ya kuugusa. Kinachotakiwa ni atoe sababu: kipimo kimekwisha muda? Kilikaa juani? Amekwishameza dawa nusu kabla ya kupima? Asipokuwa na sababu yoyote ila kwamba jibu halikumpendeza, basi amefanya kosa ambalo hakuna kipimo kinachoweza kulitibu, maana ameamua kwamba jibu la "ndiyo" ni ushahidi na jibu la "hapana" si kitu. Mtu wa namna hiyo angeweza kubaki nyumbani.

Na baada ya kipimo kuna mtego wa mwisho, ninaousikia karibu kila nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mama mmoja alikuwa mbele yangu, mtoto begani, kitambaa kimelowa jasho. Jibu lilikuwa limetoka: hakuna malaria. Akauliza, "Kwa hiyo ni taifodi?" Muuzaji akaanza kunyoosha mkono kwenye kabati la antibayotiki.

Hoja yao ilikuwa hii: ni malaria au ni taifodi, si malaria, kwa hiyo ni taifodi. Halali, haina tundu. Ila ile "au" imetoka wapi? Nani alisema magonjwa yenye homa ni mawili? Katika wale watoto 1,005, waliokutwa na taifodi walikuwa chini ya asilimia 4. Mafua na kikohozi vya virusi, ambavyo antibayotiki haivigusi, vilikuwa vingi kuliko malaria na taifodi vikijumlishwa, lakini havimo kwenye orodha ya foleni.

Mama alikuwa amemgeuza mtoto ili apate nafuu ya upepo. Mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, haraka haraka. Nikamwambia, "Samahani dada, hebu muangalie anavyopumua." Akamfunua kifua, akatazama, muuzaji naye akaegemea kaunta akatazama. Mkono wa muuzaji ukarudi kutoka kabatini. Akasema, "Huyu mpeleke kituo cha afya sasa hivi, usisubiri," na akatoka nje mwenyewe kumsimamishia bajaji.